Picha za Mvunguni kwa Baba Mkwe

Nakumbuka Sabato moja niliyodanganya kwamba kichwa kinaniuma. Mwanangu, kichwa changu siku hiyo kilikuwa kizima kama jiwe la kusagia wimbi. Nilichokuwa nikiumwa ni hamu ya kuona kitu nilichokatazwa kukiona, na maradhi hayo hayana dawa hospitalini. Nikuambie mapema usije ukashangaa: mimi nilizaliwa mdadisi. Mama yangu alikuwa akisema kwamba nilifunua kila chungu jikoni kabla sijauliza kimepikwa nini, na mvuke uliniunguza pua zaidi ya mara moja. Mvuke haukunifunza. Nilikuja kufunzwa na kitanda, tena nikiwa mtu mzima, mwalimu, mke wa mtu.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini niliolewa Gesima nikitokea kwetu Nyacheki. Siku hizo Nyamira yote, Gesima ikiwamo, ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Kisii, lakini kwa miguu ya bibi harusi Nyacheki ilikuwa nchi nyingine kabisa, milima ya kupanda na mito ya kuvuka katikati. Nilifundisha darasa la kwanza katika shule iliyokuwa chini ya boma letu. Mume wangu Zakaria alikuwa karani mjini Kisii, akija Ijumaa mchana na kuondoka Jumapili. Wiki nzima tulibaki watu watatu: mimi, mama mkwe wangu Bosibori, na baba mkwe, Mwalimu Mokaya, ambaye nilimwita tata, yaani baba, kama ilivyo desturi yetu.

Tata alikuwa amefundisha miaka mingi katika shule ya misheni. Alipostaafu kila mtu alidhani atapanda chai, maana chai ndiyo kwanza ilikuwa imeshika kasi na majirani walikuwa wanang'oa hata wimbi wapate nafasi. Alipanda mistari michache, akamwachia mkewe kuchuma. Yeye alichukua kigoda, makopo ya rangi na kipande cha ubao, akapanda mlimani kuchora milima. Si watu, si ng'ombe, si Bwana Yesu kama wachoraji wa kalenda. Milima tu, na mabonde, na mashamba yaliyomo.

Ubao wake ulikuwa wa masanduku ya chai yaliyovunjika. Rangi aliomba mabaki kwa mafundi waliojenga nyumba mjini, rangi ya mafuta isiyokauka upesi kwenye baridi yetu. Nyekundu alichekecha udongo wa barabarani, nyeusi alisaga mkaa, na nyeupe aliipata kwenye unga wa mawe ya sabuni ya Tabaka, yale laini ya kuchongea vinyago. Brashi zake zilikuwa singa za mkia wa ng'ombe. Watu walimcheka, unajua watu. Mzee mmoja alimwuliza sokoni, "Mwalimu, unachora mlima wa nini? Unadhani utahama?" Tata akamjibu, "Mlima hauhami, ila unabadilisha nguo. Nataka mjue ulivaa nini kabla ya chai." Wakacheka zaidi.

Mimi sikucheka. Mimi nilitaka kuona. Asubuhi nilimwona akitoka na ubao mtupu, jioni akirudi ameukumbatia, uso wa picha ukielekea mbele na mgongo kifuani, lakini alipokaribia ua aliigeuza na kuishika mbali na kifua, mbuzi wasije wakailamba rangi mbichi. Basi mwaka mzima niliona migongo ya picha, yenye mihuri ya masanduku ya chai. Nilimwuliza mama mkwe picha zenyewe zikoje. Akasema, "Ni milima. Kwani wewe hujawahi kuona mlima?"

Sasa wewe wa leo, unayemkumbatia baba mkwe mbele ya kamera, utaniuliza kwa nini sikuingia nikaona. Kwetu Abagusii kuna chinsoni, heshima ya kuoneana haya kati ya mzazi na mke wa mwanawe. Baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Akiwa na neno husimama uani akakohoa. Mkamwana naye haingii anapolala baba mkwe. Na kitanda chake, mwanangu, afadhali ukanyage nyoka. Mkamwana akiketi juu ya kitanda hicho amevunja boma. Wazee walisema huleta maradhi, huleta utasa, na mwenye kitanda ana haki ya kumrudisha kwao bila kulaumiwa na mtu. Tata alilala na kuchora ndani ya esaiga yake, kijumba cha nyasi cha mwenye boma. Kitanda kilikuwa mle, na picha zilikuwa mle mle.

Kwa hiyo Sabato ile nikajifunga kitambaa kichwani, nikalala na kugumia. Wote watatu wakaenda kanisani, mama mkwe akiniachia uji na maombi. Nilisubiri mpaka nikasikia nyimbo zimeanza kule bondeni. Nikavuka ua. Mlango haukuwa na kufuli, maana nani angeingia?

Ndani kulinukia rangi na moshi. Picha zilikuwa zimeegemezwa ukutani pande zote, na nilipozigeuza nilisahau kwamba nafanya dhambi mbili kwa siku moja. Niliiona Gesima ya kabla sijazaliwa, malisho matupu na wimbi likiiva. Niliuona ukingo wa milima ya Manga umesimama na mvua inakuja nyuma yake. Niliona kilima kile kile kimechorwa mara nne, na kila mara kijani cha chai kimepanda juu kidogo, kama maji yanayojaa. Nilitaka kujua kila kitu. Kwa nini alikuwa anaacha nyumba za watu bila milango? Kwa nini barabara ilikuwa nyekundu hapa na zambarau pale? Hakukuwa na wa kumwuliza, nami ndiye niliyejihakikishia hilo.

Nilikuwa karibu kutoka nilipoona ukingo wa ubao mmoja umechungulia chini ya kitanda. Paa la nyasi huangusha masizi, ndiyo maana alihifadhi huko picha ambayo haijakauka, juu ya matofali mawili. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wahenga walisema kwa mfano, mimi niliinama kwa magoti yangu mawili, nikaivuta.

Ilikuwa Nyacheki. Ilikuwa kwetu. Mteremko wetu, njia ya kwenda mtoni, paa la bati la baba yangu, hata lile jiwe kubwa ambalo mama huanikia mboga. Nilikuwa na mwaka mzima sijafika nyumbani; bibi harusi hakimbilii kwao kila akijisikia. Nikaketi, picha mapajani, nikalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Sikutazama nimeketi wapi.

Nilikuja kutazama niliposikia sauti za watu wakipanda njia kutoka kanisani. Nikaruka. Kidole gumba changu kikapita katikati ya mbingu ya Nyacheki, kikaacha mfereji kwenye rangi. Nikairudisha picha juu ya matofali, nikanyoosha blanketi, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba ni blanketi la nani. Walipoingia uani nilikuwa nimelala kwangu, na safari hii kichwa kilikuwa kinauma kweli.

Jumapili tata hakuenda mlimani. Ni siku yake aliyoipenda, maana jirani zetu Wakatoliki huwa kanisani na njia ni tupu. Aliketi mbele ya esaiga akitazama mikono yake. Jumatatu vivyo hivyo. Wiki ikapita. Mama mkwe akawa anampelekea chai na kurudi akitikisa kichwa. "Omogaka, mzee wangu, ana nini?" aliniuliza. "Mtu aliyeshinda akipigwa na mvua kwa ajili ya milima, sasa anga ni safi naye amekaa." Wiki ya pili nikamsikia akimwambia mkewe kwamba makopo yake atayagawa kwa mafundi.

Nilijua sababu ilikuwa kidole changu. Na nilijua pia kwamba nikifungua mdomo ningeweza kurudishwa Nyacheki na sanduku langu, sina mtoto, nimevunja chinsoni, na nani angenioa tena? Zakaria nilimpenda, mwanangu, nalisema waziwazi, nilimpenda sana. Basi nilinyamaza. Darasani nilifundisha hesabu za kutoa nikazijumlisha, watoto wakanirekebisha.

Wiki ya tatu tulikuwa tunachambua maharagwe, mimi na mama mkwe, nikashindwa. Nilimwambia yote, kuanzia kichwa kisichouma mpaka kidole. Aliacha maharagwe.

"Kerubo," akasema, "nitakuuliza neno moja. Usinijibu kama mwalimu, unijibu kama mtoto wangu. Uliketi kitandani?"

Hapo ningeweza kukana. Hakuna aliyeniona. Kidole kingesamehewa, hata kuingia kungesamehewa, lakini kuketi ni neno jingine.

"Niliketi, mama."

Aliwaacha kuku waanze kula maharagwe. "Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole," akasema mwishowe. Kisha akanifuta uso kwa leso yake mwenyewe, na hilo sikulitarajia. Akasema hawezi kumficha mumewe.

Ijumaa Zakaria alifika, akaambiwa na mama yake. Alikula bila kunitazama. Sabato baada ya ibada walikuja wazee wawili wa ukoo, wakaketi na tata mbele ya esaiga, mimi nikiwa jikoni masikio yamesimama. Wazee walitaka mbuzi achinjwe boma litakaswe. Tata alikuwa mzee wa kanisa; akasema yeye hatakasi kwa damu ya mbuzi. Wao wakasema basi, kama mbuzi hakuna, mwanamke arudi kwao, hakuna njia ya tatu. Tata akaomba alale na neno hilo. Mimi nikakunja nguo zangu zote nikazipanga sandukuni.

Jumapili asubuhi nilisikia kishindo uani. Nikachungulia. Zakaria na mmoja wa wale wazee walikuwa wanatoa kitanda cha tata nje ya esaiga, miguu juu, wakakipeleka nyumbani kwa mama mkwe. Godoro likafuata, kisha blanketi, kisha koti lake na Biblia. Nilidhani mzee wa watu anahama kwa sababu yangu, nikaona aibu iliyopita ile ya kufukuzwa. Kisha mama mkwe akaja mlangoni kwangu. "Unaitwa."

Tata alikuwa amesimama katikati ya ua amenipa mgongo, ndivyo inavyopasa jambo likiwa zito. Nami nikasimama mbali, nikitazama chini. Wazee wawili walikuwa kando.

"Mwalimu," aliniita. Hakuwahi kuniita hivyo. "Wazee hawa wamesema hakuna njia ya tatu. Mimi nimeuliza, kilichokatazwa ni kipi? Ni kitanda. Nyumba yenye kitanda changu hukupaswa kuingia. Nyumba isiyo na kitanda ni darasa tu, na darasani mwalimu yeyote huingia. Kitanda kimetoka na hakitarudi mle maisha yangu yote. Wazee wamekubali. Lakini nina neno la kukukemea."

"Naam, tata."

"Wiki tatu nimeitazama alama ile nikadhani ni ya Zakaria. Nikadhani mwanangu ananiambia bila mdomo kwamba inatosha, naaibisha boma kwa mchezo wa watoto. Unajua uchungu wa wazo hilo?" Sauti yake ilikwaruza. "Ungesimama hapa uani ukakohoa. Ungesema, tata, leo umechora nini? Ningezitoa zote, moja moja, mpaka jua lizame. Tangu niache chaki hakuna mtu wa boma hili aliyeniuliza."

Zakaria aliinamisha kichwa. Mama mkwe naye.

"Niliogopa, tata," nikasema.

"Uliogopa kuuliza. Kuingia hukuogopa."

Nilisimama pale machozi yakinidondoka kwenye vidole vya miguu. Akaniacha nilie kidogo, kisha akasema kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya mwalimu mwenye swali lake mwenyewe:

"Ile ya mvunguni ni yako. Nilikuona ulipoolewa, kila jioni unatazama upande wa kwenu. Mimi Nyacheki nimefika mara moja tu, siku tuliyopeleka ng'ombe wa mahari. Nimechora kwa kukumbuka. Sasa miezi minane imepita nimekwama, napaka mbingu tena na tena, sijui migomba ya mama yako iko juu ya nyumba au chini, nami nikashindwa namna ya kumwuliza mkamwana wangu jambo kama hilo."

Mwanangu, nilicheka katikati ya kilio. Siku ile ya kosa langu nilikuwa nimeliona na la kwake. Hata nikilia nilikuwa nimeona migomba imekaa mahali ambapo haikai. "Iko chini, tata. Juu ni mikaratusi, na kisima kiko kati yake na nyumba."

"Mikaratusi," alisema polepole. "Nilijua kuna kitu kirefu pale." Akaniuliza mawingu ya kwetu hukaa wapi asubuhi, na ukungu huondoka saa ngapi, na udongo wa njia ya mtoni ni mwekundu au mweusi. Nilimjibu yote. Wale wazee wawili walichoka kusimama, wakaenda kunywa chai. Sanduku langu nililifungua jioni ile ile.

Tangu siku hiyo mpaka miaka ya sabini inaisha, tuliendelea hivyo. Hatukuwahi hata mara moja kuwa ndani ya nyumba ile kwa pamoja. Akimaliza picha alitoka akaenda kuketi chini ya ghala. Mimi nikaingia, nikaangalia mpaka nitosheke, nikatoka, nikasimama upande wangu wa ua na kuuliza. Yeye alijibu akitazama kwingine. Nilijua kwa nini nyumba hazikuwa na milango: alisema mlango hauonekani kwa mbali, na mtu akidanganya kwenye kitu kidogo atadanganya kwenye mlima. Nilijua kwa nini udongo wa barabara hugeuka zambarau baada ya mvua. Nilileta darasa langu zima, wakaja walimu wengine na wanafunzi wao, wakaja watu kutoka Itumbe kutazama kijiji chao kabla ya chai. Yule mzee aliyemcheka sokoni alikuja pia, akasimama mbele ya picha ya shamba la marehemu baba yake, akavua kofia. Na wale walioningojea niwe tasa, nilizaa mwaka uliofuata, wakaja kula wimbi na maziwa wakiwa wa kwanza.

Tata alichora mpaka mkono ukaanza kutetemeka. Alipofariki, picha ya Nyacheki ilikuwa imeshatundikwa nyumbani kwangu, na ni Zakaria aliyeitundika, kwa kuwa baba yake hakuvuka kizingiti kile mpaka mwisho. Nilimheshimu kwa hilo, na yeye aliniheshimu. Wengi hudhani heshima ni ukuta wa kuwatenga watu. Sisi tulizungumza ng'ambo na ng'ambo ya ua kuliko wengi walalao chini ya paa moja.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, nami naitoa wazi usije ukaikosa. Udadisi ni neema, usimruhusu mtu akuambie ni utovu wa adabu. Lakini udadisi una mlango wake, na mlango huo ni mdomo. Kuuliza si ujinga; kunyapia ndiko ujinga. Ukitaka kujua jambo la mtu, mwendee mwenyewe, simama mahali pa heshima, umwulize. Usijikaze ukangoja azungumze, kwa kuwa huenda naye anakungoja, na siku zenu zote mbili zinapita. Ukikosea, sema kosa lote, hata lile ambalo hakuna aliyeliona, maana ukificha nusu, mwenzako atajaza nusu hiyo kwa jina la mtu asiye na hatia. Na zaidi ya yote, usimwache mzee anyamaze kwa kukosa mtu wa kumwuliza. Akili zetu hazizeeki kwa miaka, huzeeka kwa kutotakiwa.

Haya, nenda. Mungu akupe macho yasiyoshiba, na mdomo wenye adabu ya kuyatafutia chakula. Akupe wazee watakaokujibu bila kukuchoka. Na siku nawe ukizeeka, ukiwa umekaa mbele ya mlango wako na kazi ya mikono yako iko ndani, akuletee mtu atakayesimama uani akuulize, leo umefanya nini.